Orodha ya kusubiri haihesabu wanaosubiri

Wiki iliyopita nilikuwa tena kwenye kikao cha hadhara kuhusu kuongeza shule za chata. Msemaji akasimama, akataja maelfu ya watoto "wanaosubiri mlangoni", ukumbi ukapiga makofi, na hakuna aliyemuuliza hesabu hiyo imepatikanaje. Nashughulika na takwimu za uandikishaji wa wanafunzi hapa Massachusetts. Kabla ya hapo, kazi yangu ilikuwa kuzipigia simu familia zilizo kwenye orodha hizo hizo. Nimeisikia hoja hii mara nyingi mno, sasa naiandikia.

Sina ugomvi na shule za chata zenyewe. Zinalipwa na kodi, zinaendeshwa na bodi zao chini ya mkataba na serikali, na zikipata waombaji wengi kuliko nafasi zinapiga droo. Hapa Boston, watafiti akina Joshua Angrist na Parag Pathak waliwalinganisha watoto walioshinda droo na walioshindwa, wakakuta walioshinda wamepanda sana katika mitihani. Utafiti huo nauheshimu. Lakini ubora wa shule ni jambo moja, na idadi ya watoto wanaoikosa ni jambo lingine. Ninaloshughulika nalo leo ni la pili.

Mwaka 2014 muungano wa kitaifa wa shule za chata ulitangaza kwamba orodha za kusubiri nchini Marekani zimepita majina milioni moja. Muungano huo huo ulikadiria kwamba nyuma ya majina hayo kuna watoto wasiopungua 586,000, kwa sababu mtoto mmoja huomba shule kadhaa. Kwenye hotuba ikabaki ile milioni. Mwaka huo huo watafiti wa elimu Kevin Welner na Gary Miron walitoa sababu tisa za kuzitilia shaka takwimu hizi. Wengi walishika moja tu, ya majina kujirudia. Tangu hapo ukiuliza swali unajibiwa: "Majina yanayojirudia tumeshayaondoa." Wanadhani wamemaliza.

Hawajamaliza. Chukua karatasi.

Mji una shule tano za chata, kila moja ina nafasi 100. Nafasi zote ni 500. Watoto wanaoomba nao ni 500, na kila mmoja anaomba shule zote tano. Kila shule inapata maombi 500, inachukua 100 na kuweka 400 kwenye orodha. Jumla ya majina yanayosubiri ni 2,000, katika mji ambao nafasi na watoto ni sawasawa.

Sasa ondoa yanayojirudia. Utapata karibu watoto 500 wale wale, kwa kuwa ni nadra sana mtoto mmoja kushinda droo zote tano, na asiposhinda zote jina lake linabaki kwenye orodha angalau moja. Mtoto aliyeshinda shule nne bado "anasubiri" ya tano. Ambao hawakushinda popote siku ya droo ni wastani wa 164. Wale walioshinda mara mbili au tatu wakishachagua shule moja, nafasi zinaanza kuachiliwa, na kufika Septemba hata hao 164 wamepata pa kusoma. Kwa hiyo mji ule ule una 2,000, au 500, au 164, au sifuri, kutegemea unahesabu nini na unahesabu lini. Anayekutajia moja bila kukuambia ni ipi hajakuambia kitu.

Mifano hai ipo. Katika mji mkuu, Washington, kwenye mfumo wa pamoja wa maombi, mzazi anaweza kupanga hadi shule 12, za chata na za wilaya, yaani shule za kawaida za umma. Mtoto akipangiwa chaguo lake la nne, anawekwa pia kwenye orodha za kusubiri za chaguo la kwanza, la pili na la tatu. Ana shule, ana dawati, na jina lake liko mara tatu kwenye hesabu ya uhitaji.

Halafu kuna orodha zinazozeeka, zenye majina ya wasiosubiri tena. Desemba 2014 mkaguzi wa hesabu wa jimbo letu, Suzanne Bump, alitoa ripoti iliyosema takwimu za orodha hizi si za kutegemewa. Miaka miwili baadaye, kwenye kura ya maoni ya Novemba 2016 ya kuruhusu hadi shule 12 za chata, mpya au zinazopanuliwa, kwa mwaka, tulisikia kila siku kuhusu watoto zaidi ya 32,000 wanaosubiri. Pendekezo lilishindwa kwa asilimia 62 hivi dhidi ya 38. Sidai kwamba lilianguka kwa sababu ya takwimu hiyo. Wengi waliogopa fedha za shule za wilaya zitapungua.

Uzee wa orodha naujua kwa mikono yangu. Agosti nafasi ikiachiliwa, nilikuwa nashuka jina baada ya jina. Namba haipatikani. Familia imehamia jimbo lingine. "Tulishapata shule Aprili, asante." "Nani aliomba? Labda baba yake." Kuna siku nilishuka majina kumi na tisa kujaza kiti kimoja cha darasa la tano. Wote kumi na tisa walihesabiwa kwenye tangazo la machipuko.

Na shule za chata si za pekee kusubiriwa. Mpango wa METCO, unaopeleka watoto wa Boston kwenye shule za vitongoji tangu 1966, ulikuwa na orodha ndefu kwa miongo, na Boston Latin, shule ya umma inayochagua wanafunzi wake, huacha waombaji wengi nje kila mwaka. Orodha hizo sijasikia zikipigiwa makofi.

Nina shaka zangu pia, na wanaoukubali upande wangu hawapendi nikizitaja. Namba isiyopatikana niliiandika "hana haja." Lakini mzazi aliyefukuzwa kwenye nyumba Juni hupoteza namba pamoja na nyumba, na huenda ndiye aliyeihitaji nafasi ile kuliko wote. Nilimfuta kwa kalamu nyekundu. Isitoshe, orodha inamwona aliyejaza fomu tu. Boston fomu moja ya mtandaoni inafikia shule nyingi za chata: mwenye intaneti na Kiingereza anaweka alama kwenye visanduku vinane akinywa chai, mwingine hajui hata kama droo ipo. Orodha inavimba upande mmoja na kupungukiwa upande mwingine, na hivyo viwili havifutani.

Mei moja alikuja ofisini mama kutoka Kivu, na mwanawe wa miaka kumi na moja. Jirani alikuwa amemwambia kuhusu shule fulani. Alinisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu akaja moja kwa moja mezani kwangu. "Dada, nisaidie, niandikishe mtoto." Droo ilikuwa imepigwa Machi. Nilimweleza, nikamwandikia mtoto jina mwisho wa orodha, wa mia mbili na kitu. Aliniuliza kama hiyo maana yake ni ndiyo au hapana.

Nikamwambia hapana, kisha nikaongeza jina lake kwenye jumla.