"Wametoa yote." Wametoa yote yepi?

Wiki hii nimelisikia neno hilo mara nne, kutoka kwa ndugu za wagonjwa wa saratani ya titi. La nne lilitoka kwa kaka wa mgonjwa, amevaa suti, faili la dada yake kalibana kwapani kama hati ya kiwanja. "Daktari, kule alikopasuliwa walituambia wametoa yote. Sasa hizi dawa za kemo ni za nini? Si kumuua mtu mzima?"

Basi leo naandika, maana sauti imenikauka.

"Wametoa yote" maana yake ni kwamba mpasuaji ametoa yote aliyoyaona na kuyashika, na maabara wamekuta kingo safi, yaani pembeni mwa kipande kilichokatwa hakuna saratani. Kazi yake kaifanya. Ila saratani ya titi huweza kutuma mbegu kwenye mifupa, ini au mapafu kabla mama hajaigusa ile gololi akiwa anaoga. Hizo ni chembe tu; picha ya CT haizioni, na mimi sizioni. Kwa miaka themanini hivi wapasuaji walimfuata Mmarekani William Halsted: kata titi, kata misuli ya kifua, kwangua kwapa. Wanawake wakabaki na ngozi juu ya mbavu, na ugonjwa ukawarudia mifupani vilevile. Mpasuaji mwingine wa Marekani, Bernard Fisher, kwa majaribio aliyoyaanza mwaka 1971, akaonyesha kwamba kukata zaidi hakumwongezei mtu uhai. Mwaka 1976 daktari Gianni Bonadonna wa Milano akaja na kemo ya baada ya upasuaji kwa wenye tezi za kwapani zilizovamiwa, na waliorudiwa na ugonjwa wakapungua. Hizo chembe ndizo tunazozifuata.

"Kwa hiyo wote wapigwe kemo?" Hapana, jamani! Wapo na wa upande huo, wanaoniomba "ile kali kabisa" kana kwamba ni dawa ya kunguni.

Mionzi niipitie haraka. Aliyebakishiwa titi, karibu kila mara anaihitaji. Aliyetolewa lote, inategemea tezi na ukubwa wa uvimbe. Kwa wengi vipindi 15 ndani ya wiki 3 vinatosha. Ukiandikiwa wiki 5, uliza sababu, hasa kama umetoka Sumbawanga na unalala kwa shemeji Mbagala.

Sasa twende kwenye kinachonikosesha usingizi: mistari miwili ya ripoti ya patholojia, yaani majibu ya nyama iliyokatwa: ER na HER2. ER ni risepta, kipokezi cha homoni ya estrojeni kwenye chembe za saratani; HER2 ni protini inayouchochea uvimbe ukue. ER ikiwa chanya, kuna tamoksifeni, kidonge kimoja cha miligramu 20 kila siku kwa miaka 5, ambacho kwa wanawake hao hupunguza vifo vya saratani ya titi kwa karibu theluthi moja katika miaka 15. Ikiwa hasi, kidonge hichohicho ni sawa na peremende. HER2 ikiwa 3+, kuna trastuzumabu, dawa inayoilenga protini hiyo. Ikiwa 2+, hujajibiwa bado. Kuna kipimo kingine. Yaani neno moja kwenye karatasi linamnyima mtu dawa au linampa.

Na neno hilo linatoka wapi? Linatoka kwenye kopo. Nimewahi kupokea titi zima limeshindiliwa kwenye kopo la siagi, lebo imekwanguliwa nusu, formalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, vidole viwili chini, ndugu kalipakata kwenye daladala siku ya tatu. Formalini huingia kwenye nyama kama milimita moja kwa saa. Titi ambalo halikuchanwa vipande huiva nje, ndani likaoza, na risepta hufa pamoja na nyama. Maabara wanapima maiti, wanaandika "ER hasi", na sisi tunaisoma kama aya. Nyama inatakiwa iwe ndani ya formalini ya kutosha kabla ya saa moja kupita, ikae humo saa 6 hadi 72. Si kazi ya ndugu kujua hayo. Ni kazi yetu, na mara nyingi hatuifanyi.

Ndiyo maana nikiona "gredi 1, ER hasi" kwenye karatasi moja, nywele zinanisimama. Uvimbe mpole wa namna hiyo karibu kila mara huwa na risepta. Swali langu la kwanza kwa mwanapatholojia: zile njia za maziwa zisizo na saratani zilizo pembeni ya uvimbe, ambazo kwa kawaida zina risepta, zilishika rangi ya kipimo? Kama nazo hazikushika, kilichofeli ni kipimo.

Na si kwamba ripoti ikiwa safi nina uhakika na kila kitu. Kitabu kinasema 1% tu ya chembe za saratani zikishika rangi, ER ni chanya. Zile za 1 hadi 9 nimeziona zikitenda kama hasi. Huwapa vidonge, hujadili na kemo, na simwambii mgonjwa kwamba najua. Trastuzumabu ni mwaka mmoja, lakini utafiti mkubwa wa Uingereza uliona miezi 6 haiko nyuma sana. Mama aliyeishiwa hela mwezi wa 7 simwambii ameharibu.

Turudi kwa yule kaka. Karatasi yake ilisomeka hivyohivyo: gredi 1, ER hasi, tezi safi. Dada mtu alikuwa kimya muda wote. Nikamuuliza yeye. Akasema, "Nitapiga dawa, ila nijue ni ya nini." Upasuaji una wiki 6, sitaki tuvuke wiki 12 bila kuanza dawa, kwa hiyo nafasi ya kurudia kipimo ipo. Kama ni chanya, huenda asihitaji drip ya kemo hata moja.

"Bloku ziko wapi?" nikauliza. "Vile vipande vya nta vyenye nyama yake, walivyowapa."

Wakatazamana. Kaka akatoa simu, akapiga nyumbani. "Fungua kabati la vyombo, droo ya juu, kuna bahasha ya kaki. Mpe bodaboda ailete. Halafu mwambie asiianike juani."

La jua nilimnong'oneza mimi.