Saizi ya fremu: ni kipimo cha nini khasa?

Ukiingia kwenye duka la baiskeli za mtumba Mjini Unguja, swali la kwanza ni "Unataka namba ngapi?" Unajibu 26, kwa sababu ndiyo namba uliyoizoea tangu skuli. Muuzaji anakutolea 26, mnapatana bei, unaondoka. Hakuna aliyemdanganya mwenzake, ila fremu haikutajwa hata mara moja. Ile 26 ni gurudumu. Ni inchi za tairi, kama ilivyo 28 ya zile baiskeli nyeusi za wazee wetu, na kama zilivyo 27.5 na 29 za baiskeli mpya za mlimani. Kijana wa miaka 14 na baba yake wa futi sita wanaweza wote wawili kupanda 26, na fremu zao zikawa mbali kama Nungwi na Makunduchi.

Saizi ya fremu ni kitu chengine. Kwa desturi ni urefu wa lile bomba linaloshika siti: unaanza katikati ya ekseli ya pedeli, ile inayopita ndani ya fremu, unapanda nalo hadi ukingo wake wa juu, pale kinapoingia chuma cha siti. Baiskeli za mlimani, hizi tunazoziita za gia, hupimwa kwa inchi au hupewa herufi: S ni ndogo, M ya wastani, L kubwa, XL kubwa zaidi. Ukikuta kibandiko cha 17 kwenye bomba, hizo ni sentimita 43 na kidogo.

Aliyezoea baiskeli nyeusi hapa hukosea sana. Fremu zile za Kiingereza zilikuwa za inchi 22 au 24, bomba la juu limelala sawa kama boriti. Baiskeli ya mlimani ilianzia California, Marekani, miaka ya 1970, kwa vijana waliokuwa wakiporomoka vilimani kwenye njia za vumbi. Baadaye bomba lake la juu likainamishwa kuelekea kwenye siti, ili anayelazimika kushuka ghafla asijiumize, na bomba la siti likawa fupi. Kwa hiyo mtu wa 22 kwenye ile nyeusi huenda akawa mtu wa 18 kwenye hii, na wala hajapungua hata unywele.

Kujipima ni kazi ya dakika mbili. Vua viatu, egemea ukuta, achanisha miguu kidogo. Chukua kitabu chenye jalada gumu, kibane baina ya mapaja, mgongo wa kitabu juu, ukivute mpaka kigote pale unapokalia siti. Usione haya, kivute khasa; ukikiacha kikining'inia unajipunja sentimita mbili tatu. Mwenzako atie alama ukutani kwa penseli, halafu apime mpaka sakafuni kwa utepe wa fundi cherehani. Huo ni urefu wa mguu wa ndani. Uzidishe kwa 0.225 na utapata inchi za fremu. Mguu wa sentimita 80 unakupa 18. Mimi nina 77, basi ni 17 na robo hivi.

Asiyetaka hesabu anaweza kukisia kwa kimo: sentimita 155 hadi 165 aangalie 15 au 16, hadi 175 aangalie 16 au 17, hadi 183 aangalie 18 au 19, na aliyepita hapo aanzie 20. Lakini kimo kinaficha mengi. Watu wawili wa kimo kimoja, mmoja miguu mirefu, mwengine kiwiliwili kirefu, hawapandi baiskeli moja wakastarehe wote.

Ukishaipata, isimamie. Fremu iwe katikati ya miguu, nyayo zote mbili chini, na baina yako na bomba la juu kubaki nafasi ya sentimita tano au zaidi. Kwenye lami unaweza kusameheana na kipimo hiki. Kwenye njia za maweni nyuma ya Jambiani husamehewi: unasimama ghafla, mguu unaangukia kwenye shimo la jiwe la matumbawe, na zile sentimita tano zinaliwa zote kwa mpigo mmoja. Sihitaji kueleza kinachogota bomba. Na dada anayepanda na baibui lake ajiongezee nafasi, au atafute fremu ya bomba lililoshuka kabisa.

Hadi hapa tumezungumzia kwenda juu tu, na ndipo wengi wanapoishia. Mimi naona jambo kubwa liko kwenye urefu wa kwenda mbele. Fikiria kanzu ya dukani. Ikiwa ndefu, fundi atakunja pindo na mambo yamekwisha. Ikiwa mabega si yako, hata akate vipi utaonekana umeazima. Siti ya baiskeli ni pindo: unalegeza nati, unapandisha au unashusha. Urefu wa fremu baina ya siti na usukani ni mabega.

Watengenezaji wa siku hizi wanaupima urefu huo hivi. Chukua timazi ya mwashi, ining'inize ili kamba ipite katikati ya ekseli ya pedeli. Kutoka kwenye kamba, pima kwa usawa wa ardhi hadi katikati ya mdomo wa juu wa bomba la mbele, linaloshika usukani. Fremu mpya za wastani mara nyingi hukaa baina ya sentimita 43 na 46. Za zamani ni fupi zaidi. Ndiyo maana fremu mbili zote zimeandikwa 17, moja ikakukunja magoti yakagusa usukani unapokata kona, nyengine ikakunyoosha kama nguo kambani.

Dukani huendi na timazi, najua. Wapo wanaopima kwa dhiraa: kiwiko kwenye pua ya siti, vidole vimenyooshwa kuelekea usukani, na vidole vikifika karibu na shingo ya usukani, kile kipande kinachousogeza usukani mbele ya fremu, wanaridhika. Ni makisio, lakini ni bora kuliko kubonyeza tairi na kupiga kengele.

Yangu ya kwanza ya gia ilikuwa 20. Rangi ya buluu, breki nzuri, nikaona siti inashuka mpaka mwisho na miguu inafika chini, nikalipa. Kila nikifika Mahonda kutoka Mjini, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vimekufa ganzi na shingo inawaka. Nililaumu glavu, nikalaumu barabara. Kumbe nilikuwa nimelalia usukani kwa viganja muda wote, kwa sababu haukuwa unafikika bila kujivuta.

Ndogo nayo ina adhabu yake. Mwenye fremu ndogo hupandisha siti, na anaipandisha mno. Kwenye chuma cha siti kuna mstari uliochongwa wa mwisho; ukiuona uko nje ya bomba, hapo unachezea kuvunja fremu. Urefu wenyewe wa siti ni rahisi: kaa, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukihamia mbele ya unyayo, goti litabaki na mkunjo mdogo, na ndivyo linavyotaka.

Ukiangukia baina ya saizi mbili, kwa njia za huku mimi nachukua ndogo. Unaweza kuweka shingo ya usukani iliyo ndefu kidogo. Fremu ndefu huwezi kuikata. Anayesafiri masafa kwenye lami, mikono mirefu, achukue kubwa.

Ile 20 nilimpelekea binamu yangu aliyeko Wete, Pemba, naye ni mrefu kama mvinje. Aliipanda barabara ya zamani mpaka Chake, mapindi na vilima vyote, akanipigia simu jioni kuuliza kama ninazo nyengine za kutoa. Siti alikuwa ameipandisha vidole vinne.