Umri wa kuku kwanza, majibu ya damu baadaye

Sampuli ya damu ya kuku wa nyama ikifika maabara bila kuandikwa umri wa kuku, naiweka kando mpaka mwenyewe apatikane kwenye simu. Wapo wanaoona huo ni urasimu. Lakini ndege huyu huanguliwa akiwa na gramu 40 hivi, na baada ya wiki sita ana kilo mbili na nusu. Mwili ulioongezeka zaidi ya mara 60 kwa muda mfupi namna hiyo hauwezi kuwa na damu ileile ya siku ya kwanza. Namba inayonitisha kwa kifaranga inaweza kuwa ya kawaida kabisa kwa kuku wa wiki ya tano, na kinyume chake.

Tuanze na chembe nyekundu. Za kuku zina umbo la yai na zina kiini katikati, tofauti na zetu ambazo hupoteza kiini kabla ya kuingia kwenye mzunguko. Maisha yake pia ni mafupi: takriban mwezi mmoja, wakati za binadamu hufika siku 120. Kwa hiyo kuku anayekaribia kuchinjwa amebakiza chembe chache mno kati ya zile alizoanguliwa nazo. Uboho, yaani ute wa ndani ya mifupa, umekwisha kumtengenezea nyingine, na hata hemoglobini (protini inayobeba oksijeni) ya wakati akiwa kiinitete ndani ya yai imeshaachia nafasi ile ya kuku mkubwa.

Hicho kiini kina usumbufu wake. Mashine za kuhesabia damu ya binadamu huzipasua chembe nyekundu, kisha huhesabu kila kiini kilichobaki kuwa chembe nyeupe. Nimewahi kuletewa majibu ya namna hiyo: kwa karatasi ile, kundi zima lilikuwa na saratani ya damu. Kuku walikuwa wazima, wanakula vizuri. Ndiyo maana wengi wetu bado tunahesabu kwa jicho, chini ya hadubini, damu ikiwa imechanganywa na dawa ya rangi ya Natt na Herrick ambayo imetumika tangu 1952. Ni kazi ya kuchosha shingo, ila haidanganyi.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha bei ndogo kuliko vyote: kuzungusha damu kwenye mrija mwembamba wa kioo hadi chembe zitulie chini, kisha kupima zimechukua sehemu gani ya safu nzima. Kwa kuku wa nyama mwenye afya ni karibu theluthi moja, pungufu kidogo kwa wadogo. Kifaranga wa wiki mbili au tatu akishuka chini ya asilimia 27, naanza kufikiria virusi vya upungufu wa damu, vinavyoshambulia uboho wenyewe. Ukimpasua aliyeathirika, unakuta uboho wa mfupa wa paja umepauka badala ya kuwa mwekundu. Koksidia, vimelea vya utumbo, nao hushusha kipimo hiki, ila hao hujitangaza kwa kinyesi chenye damu.

Watu wengi huangalia kushuka tu. Mimi kwa kuku wakubwa naogopa zaidi kupanda. Misuli ya kifua inakua kwa kasi na kudai oksijeni. Mapafu ya ndege yamebanwa kwenye mbavu, hayatanuki kama yetu, na hayakui kwa mwendo wa misuli. Mwili hujitetea kwa kuongeza chembe nyekundu. Damu inakuwa nzito, moyo upande wa kulia unasukuma kwa nguvu mpaka unatanuka na kulegea, ini linafura kwa damu iliyokwama, na maji yanaanza kuvujia tumboni. Baridi na miinuko huzidisha hali hiyo. Safu ya chembe ikivuka asilimia 40 kwenye wiki ya tano, nakuwa na mashaka na moyo wa kuku huyo hata kama kwa macho anaonekana bingwa wa banda. Mara nyingi ndiye aliyewazidi wenzake uzito.

Chembe nyeupe zina mgeuko wao. Siku ya kuanguliwa, heterofili, aina ya chembe nyeupe zinazowahi kupambana na vijidudu, ndizo nyingi. Utazitambua kwa punje zake za rangi ya tofali zenye umbo la vijiti. Kinga ya kifaranga inapokomaa, limfosaiti, aina nyingine inayohusika na kingamwili, huzipita na kuongoza. Uwiano wa hizi mbili, heterofili kwa limfosaiti, ndio tunaotumia kupima msongo, tangu watafiti Gross na Siegel walipoupendekeza mwaka 1983: 0.2 ni msongo mdogo, 0.5 wa wastani, 0.8 mkubwa. Ukichukua vigezo hivyo ukampimia kifaranga wa siku moja, utamtangaza ana mateso makubwa ilhali yeye ni mchanga tu.

Protini nayo huanzia chini na kupanda wiki hadi wiki. Sehemu ya ile ya mwanzo ni kingamwili za mama zilizopitia kwenye kiini cha yai, na hizo hupungua kwa nusu kila baada ya siku chache. Kufikia wiki ya tatu zimebaki kidogo sana. Chanjo ya Gumboro, ugonjwa wa virusi unaoharibu kinga ya kuku, hupangwa kwa kuliangalia pengo hilo. Ukichanja mapema mno, kingamwili za mama zinaiua chanjo. Ukichelewa, virusi vya shambani vinakutangulia.

Vimeng'enya nitavitaja kwa ufupi. Fosfatesi ya alkali, kimeng'enya kinachotoka sana kwenye mifupa, hushuka kadiri mifupa inavyopunguza kasi ya kukua, na kreatini kinase, cha misuli, hupanda na misuli. Hiyo ya pili pia hupanda kuku akipapatuka sana mkononi au sindano ikikosa mshipa na kuchoma nyama, kwa hiyo siiamini peke yake.

Ukituma damu, andika kwenye chupa umri kwa siku, uzito, na saa kuku aliyokula mara ya mwisho, maana asidi ya yuriki, taka ya protini inayotolewa na figo, huongezeka baada ya chakula. Chukua kwenye mshipa wa bawa, isizidi asilimia moja ya uzito wa mwili. Na kama unaweza, niongezee damu ya kuku wachache wanaoonekana wazima wa banda hilohilo na umri huohuo. Hao hunisaidia kuliko jedwali lolote la kitabuni.