Uvimbe ndani ya uti wa mgongo: unaponya au unaharibu?

Swali: Kijana wetu hapa Ujiji aliteleza juu ya mchikichi akaangukia mgongo. Miguu haina nguvu. Daktari anasema neva kuu ya mgongo imevimba ndani. Mbona hawaumalizi uvimbe huo kwa dawa?

Poleni sana. Hawaumalizi kwa sababu uvimbe huo unabomoa na pia unajenga.

Dakika chache tu baada ya pigo, seli za kinga zilizomo ndani ya neva huamka. Siku ya kwanza seli nyeupe za damu humiminika hapo, na siku zinazofuata huja nyingine kubwa zaidi, ambazo humeza seli zilizokufa na mabaki ya utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva. Mabaki hayo yasipoondolewa, nyuzi haziwezi kuchipua. Tatizo ni kwamba seli hizohizo humwaga kemikali zinazounguza jirani zao zilizokuwa nzima. Tena neva hiyo imo ndani ya mfereji wa mfupa. Ikivimba haina pa kutanukia, inabanwa na kukosa damu. Ndiyo maana madhara huendelea kuongezeka kwa saa na siku kadhaa baada ya ajali.

Swali: Na sindano za steroidi?

Mwaka 1990 utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa methylprednisolone (aina ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe) nyingi, ikitolewa ndani ya saa 8, inasaidia kiasi. Baadaye ikaonekana inaongeza maambukizi na kutokwa damu tumboni, na madaktari wengi wakaacha kuitoa kwa kila mgonjwa. Naona walifanya vyema.

Swali: Kovu linalobaki ndani ndilo linalozuia neva kuota?

Iliaminika hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 2016 watafiti walilizuia kovu hilo kwa panya, na neva hazikuota.

Swali: Bibi anataka kijana akirudi kutoka hospitali tumkande kwa mawese ya moto.

Mwambieni bibi kwa heshima: hapana. Mfupa uliovunjika ukisukumwa unaweza kuikata neva iliyosalia, na ngozi isiyo na hisia huungua bila mgonjwa kujua.

Nguvu zenu ziwekeni kwenye kumgeuza kila baada ya saa 2, usiku pia. Kila siku mkagueni kitakoni, nyongani na visiginoni. Wekundu au weusi usiofifia ni mwanzo wa kidonda. Kidonda kikioza, kinga huchachamaa tena mwili mzima. Akipata homa au mkojo ukiwa mzito na wenye harufu kali, arudishwe hospitali siku hiyohiyo.