Kiboko juu ya meza ya Bunge: Reichstag na Afrika Mashariki, 1889 hadi 1896

Februari 1894, August Bebel, mbunge wa chama cha wasoshalisti, aliwaonyesha wenzake katika Bunge la Ujerumani, Reichstag, mijeledi ya ngozi ya kiboko. Ilihusu mambo ya Kamerun. Huko, kaimu gavana Heinrich Leist alikuwa ameamuru wake wa askari wenye asili ya Dahomey wachapwe mbele ya waume zao, na askari wakaasi Desemba 1893. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya maelezo marefu, kwa sababu kwetu mnyama na mjeledi vina jina moja. Wajerumani waliokuja pwani yetu nao walilichukua neno hilo hilo, wakaliandika kwenye barua na taarifa zao kama neno la Kijerumani.

Kazi yangu ni kutunza nyaraka, na swali ninaloulizwa mara nyingi na wanafunzi ni hili: je, Bunge la Berlin ndilo lililotunga sheria za kututawala? Jibu fupi ni hapana. Sheria ya makoloni ya tarehe 17 Aprili 1886 ilimpa Kaizari mamlaka ya kutawala makoloni, naye aliyatumia kupitia Kansela na magavana. Bunge lilibaki na mfuko. Fedha ya Dola, yaani ya serikali kuu ya Ujerumani, haikuweza kutoka bila kura, na tangu sheria ya Machi 1892 makadirio ya mapato na matumizi ya kila koloni yalipaswa kupita mbele ya wabunge kila mwaka. Anayefuatilia Bunge la Dodoma anajua mbunge anavyotishia kushika shilingi ya mshahara wa waziri ili apate maelezo. Wapinzani wa Berlin walitumia mlango wa aina hiyo. Fungu la makoloni likifika mezani, ndipo yalipomwagwa yote: viboko, vita, kampuni na wamisionari.

Tuanze na Januari 1889, maana ndipo fedha za walipa kodi wa Ujerumani zilipoanza kumwagwa pwani yetu. Kabla ya hapo Kansela Bismarck alitaka wafanyabiashara wajitawalie wenyewe kwa gharama zao. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikodi pwani kutoka kwa Sultani Khalifa wa Zanzibar, na Agosti 1888 ikaanza kupandisha bendera yake mijini. Pale Pangani, wakala wake Emil von Zelewski alidharau bendera ya Sultani, na watu wa mji walilalamika kwamba aliingia msikitini na mbwa. Katika wiki chache pwani ikawaka, Abushiri bin Salim akiongoza upande wa Pangani na Bwana Heri akiwa Saadani. Kampuni ikabakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, tena kwa msaada wa manowari.

Serikali ikaenda bungeni kuomba marki milioni 2. Ombi lilivyoandikwa ndilo la kuangaliwa kwa makini. Muswada haukusema fedha ni za kuiokoa kampuni iliyoshindwa. Uliitwa muswada wa kupambana na biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki, na watumwa walitangulia kwenye jina. Bismarck alihitaji kura za chama cha Wakatoliki, Zentrum, kilichokuwa kikimpinga kwa miaka mingi. Mwaka 1888 Kadinali Lavigerie alikuwa amezunguka Ulaya akihubiri dhidi ya utumwa wa Afrika, mkutano mkubwa ukafanyika Köln mwezi Oktoba, na kiongozi wa Zentrum, Ludwig Windthorst, asingeweza kuwatazama wapiga kura wake machoni huku akikataa fedha za kazi hiyo. Mtego ulitegwa kwa ustadi.

Waliberali wa mrengo wa kushoto, Ludwig Bamberger na Eugen Richter, walipinga kwa hoja za mfanyabiashara: faida iko wapi? Bebel aliposimama tarehe 26 Januari aligusa penye kidonda. Aliuliza kampuni hiyo ni nini hasa, akajibu mwenyewe kwamba ni kikundi kidogo cha mabepari wakubwa, wenye benki, wafanyabiashara na wenye viwanda, ambao maslahi yao hayana uhusiano wowote na ya Mjerumani wa kawaida. Chama chake kilikuwa na wabunge 11 kati ya 397. Muswada ukapita na kuwa sheria tarehe 2 Februari 1889. Kapteni Hermann Wissmann akaajiri askari Wasudani kutoka Misri na wengine kutoka Msumbiji, na kufika Mei alikuwa ameshaivunja boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo huo. Milioni 2 hazikutosha, serikali ikarudi kuomba nyongeza.

Na watumwa je? Utawala wa Kijerumani ulipiga vita misafara ya kuuza watu, lakini kumiliki mtumwa haukukupiga marufuku hadi ulipoondoka. Mwaka 1904 ilitolewa amri kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 watakuwa huru. Utumwa wenyewe Tanganyika ulifutwa na Waingereza mwaka 1922. Nadhani Windthorst, aliyefariki 1891, angekuwa na maswali.

Kuna jambo moja linalowashangaza wageni wangu. Mwaka 1889 chama cha Bebel kilikuwa chini ya sheria maalumu iliyopiga marufuku mikutano na magazeti yake. Aliwezaje kusema vile? Katiba ilimlinda mbunge asishtakiwe kwa maneno ya bungeni, na gazeti likichapisha taarifa ya kweli ya kikao nalo halikuguswa. Kwa hiyo tuhuma ambayo ingempeleka mhariri jela ilisomwa Hamburg na Leipzig asubuhi iliyofuata, mradi imepitia kinywani mwa mbunge. Ndiyo maana hansadi za Reichstag zimehifadhi habari za pwani na bara ambazo mafaili ya gavana yamezinyamazia.

Kesi ya Carl Peters inaonyesha hilo vizuri, na udhaifu wake pia. Peters, ambaye huku alibandikwa jina la Mkono wa Damu, alikuwa kamishna wa Dola Kilimanjaro mwaka 1891. Huko alimnyonga mtumishi wake Mabruk. Miezi michache baadaye alimnyonga msichana wa Kichagga, Jagodja, aliyekuwa akiishi naye, ambaye alitoroka, akarudishwa na kuchapwa kwanza. Wakubwa wa Berlin walilijua jambo hilo wakalikalia. Tarehe 13 Machi 1896, mjadala wa fungu la makoloni ulipofika, Bebel alilifumua. Alidai pia kwamba Peters alimwandikia barua Askofu Tucker wa Waanglikana, akisema alimwoa msichana huyo kwa mila za Kiafrika hivyo alikuwa na haki ya kumwadhibu kwa uzinzi. Ukumbi ulitibuka. Mkurugenzi wa Idara ya Makoloni, Paul Kayser, alijaribu kujibu lakini alikuwa ameshachelewa. Mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ilimfukuza Peters kazi. Barua kwa Askofu Tucker, hata hivyo, ilikuja kuonekana si ya kweli, na wafuasi wa Peters waliishika hoja hiyo kwa miaka mingi, kana kwamba maiti mbili za Kilimanjaro nazo zilikuwa za kubuni.

Wiki chache baada ya mjadala huo, tarehe 22 Aprili 1896, Kansela alitoa amri kuhusu adhabu katika Afrika Mashariki, Kamerun na Togo. Wanawake wasichapwe. Waarabu na Wahindi wasichapwe. Mwafrika mwanamume asipigwe zaidi ya viboko 25 kwa mara moja, na awamu ya pili isifuate kabla ya wiki mbili. Huo ndio asili ya ile "hamsa ishirini" ambayo wazee wetu waliitaja hadi miaka ya karibuni. Bebel hakuomba 25, aliomba uchapaji ukome. Lakini Kansela aliweza kuamuru bila kura ya mtu yeyote bungeni, kama vile Gavana Liebert alivyoamuru kodi ya nyumba mwaka 1897.

Anayetaka kuzisoma hansadi hizi atazikuta kwenye mtandao bure, kupitia maktaba ya Bavaria mjini München. Makarani wa hati mkato waliandika hata vicheko na kelele, tena wakitaja zimetoka upande gani wa ukumbi. Mabano hayo yasomwe polepole, maana mara nyingine kicheko kinakuja palepale anapotajwa mtu aliyepigwa. Herufi ni za Kijerumani cha kale, zinachosha macho siku mbili tatu za mwanzo. Na ukitafuta majina, yaandike kwa tahajia yao: Abushiri hutampata, tafuta Buschiri.