Alama ya `+` haizai `$2`

Nimetumiwa tena lile swali la regex (ruwaza za kutafuta na kubadilisha maandishi), safari hii na picha ya skrini: "Mbona `$2` haifanyi kazi?" Jamani. Haifanyi kazi kwa sababu haipo.

Mhusika alitaka `weka(a, b, c)` iwe `panga([a, b, c])` kwenye mafaili kibao. Akaandika (`\w+` ni jina, `,? ?` ni koma na nafasi zikiwepo, `+` ya mwisho ni "rudia"):

`weka\((\w+,? ?)+\)`

Hesabu yake: kundi (kilichokamatwa na mabano, ambacho huitwa kwa `$` na namba wakati wa kubadilisha) limejirudia mara tatu, basi atapata `$1`, `$2` na `$3`. Imani hii inanichosha. Namba ya kundi inatokana na mabano yanayofunguka, ukihesabu kutoka kushoto. Hapo mabano ya kukamata ni jozi moja tu (yale yenye mkwaju `\` mbele ni herufi za kawaida), kwa hiyo kundi ni moja, hata lijirudie mara mia. Tena kila likijirudia linasahau lilichokamata kabla: `a, ` inaingia, inafukuzwa na `b, `, nayo inafukuzwa na `c`. Badilisha kwa `panga([$1])` uone: `panga([c])`. Vigezo viwili vimekwenda na maji na hakuna aliyekuonya. Ukiita `$2`, JavaScript inaiacha hivyo hivyo, `$2` mbichi katikati ya msimbo wako. Python, ambako huandikwa `\2`, inagoma papo hapo. Mimi nampenda anayegoma.

Dawa ni kuzungushia marudio yote mabano ya nje, ya ndani yasikamate (ndiyo kazi ya `?:`):

`weka\(((?:\w+,? ?)+)\)`

Sasa `$1` ni `a, b, c`. Basi.

Mtaniambia .NET, jukwaa la Microsoft, inatunza kila rudio. Kweli, kwenye orodha ya `Captures`, ila `$1` ya kubadilishia hata huko inatoa la mwisho tu. Na ukitaka sifuri baada ya kundi la kwanza kwenye Python, andika `\g<1>0`. `\10` ni kundi la kumi.

Penye ukungu ni hapa: `(?:(a)|b)*` (`a` au `b`, mara yoyote) juu ya `ab`. Kwa Python kundi la kwanza ni `a`. Kwa JavaScript halina kitu. Kila upande una hoja yake, nami naona salama kutoandika kitu cha namna hiyo.

Hata ile dawa yangu ina mipaka. Ikikutana na `weka(f(a), b)` inapita bila kuigusa. Ukiilegeza kwa `[^)]*` (chochote kisicho bano la kufunga), inaishia kwenye bano la kwanza la kufunga na kukuachia `panga([f(a]), b)`. Mabano ndani ya mabano yanataka kichanganuzi cha lugha yenyewe, programu inayosoma muundo wa msimbo.