Uziwi wa kurithi katika ukoo usio na kiziwi

Katika kazi yangu ya ushauri wa jenetiki, swali ninaloulizwa zaidi hutoka kwa wazazi wanaosikia vizuri: uziwi wa mtoto wetu umetoka wapi, ilhali kwetu hakuna kiziwi? Wengi huja wameshajijibu kwamba ni homa ya wakati wa ujauzito au ni uzembe wa mama, na inanisikitisha kuona lawama hiyo ikimwelemea mtu mmoja. Ukweli ni kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na katika nchi ambazo jambo hili limechunguzwa kwa kina, zaidi ya nusu ya uziwi wa kuzaliwa nao hutokana na jeni, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli.

Karibu kila jeni tunayo katika nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Uziwi wa kurithi usioambatana na dalili nyingine mwilini, kwa takribani asilimia 80, hutokea pale tu nakala zote mbili za jeni husika zinapokuwa na hitilafu. Mwenye nakala moja yenye hitilafu husikia kama wengine, kwa hiyo hitilafu hiyo inaweza kupita vizazi vingi bila kujulikana, hadi siku wabebaji wawili wanapokutana na kupata mtoto. Uwezekano wa mtoto wao kuwa kiziwi ni robo, na kila mimba huanza hesabu hiyo upya. Kuzaliwa kwa kiziwi mmoja hakuwakingi wadogo zake, wala hakuwahukumu. Kwa mantiki hiyohiyo, viziwi wawili ambao uziwi wao umetokana na jeni tofauti wanaweza kuzaa watoto wanaosikia wote.

Jeni iliyochunguzwa kuliko zote ni GJB2, ambayo uhusiano wake na uziwi ulibainishwa mwaka 1997. Jeni hiyo hubeba maelekezo ya protini iitwayo koneksini 26, inayojenga vijia vidogo kati ya seli jirani ndani ya koklea, kiungo cha sikio la ndani chenye umbo la konokono. Sauti inapovitikisa vinywele vya seli za kusikia, ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za potasiamu huingia ndani ya seli hizo na kuanzisha ishara inayopelekwa kwenye neva. Kisha ioni hizo hazina budi kuondolewa ili seli iwe tayari kwa sauti inayofuata. Vijia vya koneksini 26 huaminika kusaidia katika mzunguko huo, na vikikosekana, mazingira ya kemikali ya koklea huvurugika. Neva ya kusikia kwa kawaida haidhuriki, na ndiyo sababu watoto wenye hitilafu hii hunufaika sana na kipandikizi cha koklea, kifaa kinachopeleka ishara za umeme kwenye neva hiyo.

Hata hivyo, hitilafu zenyewe hazifanani duniani kote. Kwa watu wenye asili ya Ulaya iliyozoeleka huitwa 35delG, Asia ya Mashariki ni 235delC, na katika kijiji cha Adamorobe nchini Ghana, kinachojulikana kwa wingi wa viziwi, ni R143W. Lakini katika jamii nyingi za Afrika kusini mwa Sahara GJB2 ni chanzo adimu. Kwa sababu jeni zinazoweza kusababisha uziwi zimepita mia moja, sioni busara ya kumpima mtoto hitilafu mbili tatu zilizozoeleka kwingine, kisha kuwaambia wazazi kwamba uziwi wake si wa kurithi.

Kuijua jeni kunaweza kuokoa maisha. Mtoto aliyezaliwa kiziwi na ambaye huzimia anapokimbia au anaposhtuka anahitaji kipimo cha umeme wa moyo bila kuchelewa, kwa kuwa katika ugonjwa wa Jervell na Lange-Nielsen, jeni ileile inayovuruga potasiamu sikioni huvuruga pia mapigo ya moyo. Katika ugonjwa wa Usher, kinachofuata baada ya uziwi ni kufifia kwa uwezo wa kuona, kuanzia na shida ya kuona gizani.

Ipo pia hitilafu iitwayo 1555A>G, iliyo katika jeni ya mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati) na hurithiwa kwa mama peke yake. Mwenye hitilafu hii anaweza kusikia vizuri miaka yote, kisha akapoteza usikivu kwa kudumu baada ya kupewa gentamisini, streptomaisini au antibiotiki nyingine ya kundi lao liitwalo aminoglikosidi, hata kwa kipimo cha kawaida. Ninapoikuta kwa mgonjwa, huomba familia iwataarifu ndugu wa tumbo moja, mama, mama wadogo na wakubwa pamoja na watoto wao, na mabinti wa ukoo huo na wajukuu wanaozaliwa nao, ili kila mmoja awe na maandishi ya kumwonyesha daktari kabla hajachomwa sindano hiyo. Wajomba wenyewe wamo, lakini watoto wao hawamo katika orodha, kwa sababu baba hairithishi.